Kiingereza cha Chwele katika darasa la Asia

Mhitimu wa ualimu anayerudi nyumbani Chwele, katika kaunti ya Bungoma, na shahada ya Kiingereza na fasihi hakosi kazi. Anachokosa ni mshahara. Shule ya upili iliyo karibu itampokea siku anayofika na vyeti vyake, itampa vipindi vya kidato cha pili na cha tatu, itamwita mwalimu wa BOM, yaani wa bodi ya usimamizi ya shule, na kumlipa kutokana na karo ambayo wazazi huilipa pale vitunguu na mahindi yanapopata bei sokoni. Nambari ya usajili ya TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, anayo, ajira ya TSC hana. Tume hiyo imekuwa ikitaja zaidi ya walimu 300,000 waliosomea kazi hii na bado wanasubiri kuajiriwa. Shule za sekondari msingi zilipoanza mwaka 2023, maelfu walichukuliwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mwaka uliofuata wakaingia barabarani kudai ajira ya kudumu.

Katika hali hiyo simu yake inaleta tangazo. Njoo ujitolee kufundisha Kiingereza katika mji mdogo wa Thailand, Kambodia, Vietnam au China. Malazi na chakula ni bure, posho ipo kidogo, uzoefu si lazima. Matangazo mengine yanataka alipe ada ya usajili kwanza. Nyumbani wazazi watauliza kama atalipwa, na wana haki ya kuuliza. Mimi ninaona kuna swali lililotangulia hilo: nani anayekubaliwa kuitwa mwalimu wa Kiingereza, na ruhusa hiyo hutolewa na nani? Sehemu kubwa ya jibu iliandikwa huku kwetu, Magharibi mwa Kenya na ng'ambo ya mpaka wa Malaba, nchini Uganda, zaidi ya miaka sitini iliyopita.

Kabla mtu wa Chwele hajafikiria kwenda kufundisha ng'ambo, watu wa ng'ambo walikuja kufundisha huku. Wamisionari wa Quaker, ambao huku tunawaita Friends, walifika Kaimosi mwaka 1902: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Kazi yao ikapanda kaskazini hadi Lugulu, katika nchi ya Wabukusu, na Wakatoliki wa Mill Hill wakajenga Kibabii. Leo Kenya ina Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na shule nyingi za Bungoma bado zina neno Friends katika majina yao. Tukumbuke kwamba wamisionari hawakukimbilia kufundisha Kiingereza. Walitaka watu wasome Biblia, na Biblia ilisomeka vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 nayo ilipendekeza watoto waanze na lugha zao. Walioshikilia Kiingereza mapema ni wazazi wenyewe. Waliona ni nani anayepewa kazi ya ukarani, ni nani anayesikilizwa na mkuu wa wilaya, na wakataka watoto wao wapate kile kile. Kiu ya Kiingereza Magharibi mwa Kenya ilianza kabla ya mgeni yeyote wa kujitolea kushuka hapa, na huu ni ukweli ambao wakosoaji wa wageni huupita haraka mno.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilisimama Friends School Kamusinga, karibu na Kimilili, chini ya mwalimu mkuu wa kwanza Allan Bradley, Quaker kutoka Uingereza. Ndipo ukaja mwaka 1961, ambao kwa suala hili ni mwaka wa pekee. Mwezi Machi Rais Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, shirika la kupeleka watu wa kujitolea ng'ambo. Mwaka huo huo mpango wa Teachers for East Africa, ulioendeshwa kutoka Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, ulianza kuleta mamia ya walimu wa Marekani katika shule za upili za Kenya, Uganda na Tanganyika, na Uingereza ikaleta wake. Wengi wao walipitia chuo cha Makerere, Uganda, kupata mafunzo ya ualimu kabla ya kugawiwa shule. VSO, shirika la kujitolea la Uingereza lililoanzishwa na Alec Dickson mwaka 1958, lilikuwa tayari linatuma vijana, na Japani ilianza kuleta wa kwake Kenya mwaka 1966.

Uhuru ulipofika, wanakijiji walijenga shule kwa harambee upesi kuliko serikali ilivyoweza kupata walimu. Shule ilikuwa na kuta za matofali ya kuchoma, mabati yaliyochangiwa, mwalimu mkuu mmoja mwenye cheti, na vijana waliomaliza kidato cha nne jana wakifundisha kidato cha pili leo. Shule hizo ndizo zilizopokea Wamarekani wengi wa Peace Corps tangu katikati ya miaka ya 1960. Hadi shirika hilo lilipoondoa watu wake Kenya mwaka 2014 kwa sababu za usalama, zaidi ya 5,000 walikuwa wamepita. Mtu alifunzwa Kiswahili kwa takriban miezi mitatu, kisha akakaa miaka miwili katika nyumba ya mwalimu, akichota maji alipochota kila mtu, chini ya mwalimu mkuu Mkenya, akiwa na ratiba ya vipindi na darasa litakalofanya mtihani wa taifa. Matokeo yakiwa mabaya, yalikuwa mabaya kwa jina lake pia.

Ninakisifu kipindi hicho bila kusita. Mgeni alikuja kwa sababu nafasi ilikuwa wazi na hakukuwa na Mkenya aliyesomea kazi hiyo wa kuijaza. Alikaa muda wa kutosha kufundisha kozi nzima na kujua ni mtoto gani hukaa kimya kwa aibu na yupi hukaa kimya kwa njaa. Alikuwa na bosi wa hapa. Masharti hayo matatu, yaani pengo la kweli, muda wa kutosha na uwajibikaji kwa wenyeji, ndiyo ninayoyatumia kupima kila mpango wa kujitolea tangu wakati huo, uwe wa mgeni kuja Chwele au wa mtu wa Chwele kwenda Asia.

Hata hivyo, kipindi hicho kilituachia imani moja ambayo haikuwa sahihi. Mwanafunzi aliyefundishwa Kiingereza na Mmarekani kisha akafundishwa na Wekesa aliyetoka chuo cha ualimu alijifunza kumwamini wa kwanza na kumvumilia wa pili. Imani hiyo haikuzuka darasani peke yake, ilikuwa na hati rasmi. Januari 1961 Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Kutokana na mkutano huo yalienea mawazo yaliyoongoza mipango ya misaada, vitabu vya kiada na vyuo vya ualimu kwa miongo mingi: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa nacho, kwamba mtoto akikianza mapema ndivyo bora, kwamba kadiri kinavyofundishwa zaidi ndivyo matokeo yanavyokuwa bora, na kwamba lugha nyingine zikipewa nafasi kubwa, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, aliyachambua mawazo hayo matano moja baada ya jingine na kuyaita makosa. Ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, kwa moyo huo huo. Watoto wa Chwele walivishwa vibao shingoni kwa kosa la kuzungumza Lubukusu uwanjani, na waliowavisha walikuwa walimu wetu wenyewe, watu wema waliofuata walichofundishwa.

Upinzani ulikuwepo. Mwaka 1968 Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o waliitaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe na kujengwa upya kuzunguka fasihi ya Afrika. Mwaka uliofuata Tanzania ya Nyerere ikaiaga Peace Corps, ambayo haikurudi mpaka miaka kumi hivi baadaye. Huko Cuernavaca, Mexico, mwaka huo wa 1968, kasisi na mwanafikra Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliokusanyika tayari kujitolea kwamba wasije kusaidia. Waje kutembea, waje kusoma, lakini wasijifanye wanawasaidia watu ambao hata lugha ya kuzungumza nao hawana. Ninakubaliana na Illich kuhusu mtu wa wiki tatu. Kuhusu mtu wa miaka miwili aliyejifunza Kiswahili na kupewa darasa ambalo vinginevyo lingekaa bila mwalimu, sikubaliani naye.

Mtu wa wiki tatu ndiye aliyekuja baadaye. Tangu miaka ya 1990 kujitolea kumekuwa bidhaa ya kusafiri. Kijana wa Ulaya au Marekani hulipa kampuni, na kampuni humtafutia shule au makao ya watoto. Mji wa Kitale na viunga vyake vimewaona wengi, hasa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizokuja juu ya machafuko ya Mlima Elgon yaliyokuwa yamewatawanya watu tangu mwaka 2006, na makao ya watoto yakaongezeka. Anayefika ana moyo mzuri, na hilo silitilii shaka hata kidogo. Shida ni kwamba shule inayompa darasa haina pengo analolijaza, kwa maana mwalimu wa BOM aliyesomea kazi amesimama pembeni na chaki yake. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha shuleni bila kusajiliwa. Tunaifuata kwa ukali kwa watoto wetu na kuisahau mgeni anapoingia lango na zawadi ya vitabu.

Kuna pia madhara yasiyoweza kuitwa madogo. Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham ilimhukumu Simon Harris kifungo cha zaidi ya miaka 17 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa mitaani katika mji wa Gilgil, Kenya. Alikuwa akiendesha shirika lililowaleta vijana wa Uingereza kufundisha katika shule za eneo hilo, na heshima aliyopewa kama mfadhili ndiyo iliyomfungulia milango. Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikaweka mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia, kwa kuwa wengi wao walikuwa na mzazi au jamaa aliye hai. Kambodia ilipita njia hiyo hiyo: watalii walivyoongezeka, makao ya mayatima yaliongezeka nao, ingawa vita viliisha zamani. Nepal vilevile. Kijana wa Chwele anayeona tangazo la kufundisha Kiingereza katika makao ya watoto huko Asia ana faida ambayo kijana wa London hana: ameshaona Kitale jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa.

Tugeuke sasa tuitazame njia ya kwenda. Korea Kusini hutoa viza ya mwalimu wa Kiingereza, ile ya E-2, kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. China ilipopanga upya vibali vya kazi mwaka 2017 ilishikilia kwamba mwalimu wa lugha kwa kawaida afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada na uzoefu wa miaka miwili, na huko pia orodha ya nchi zile zile saba ndiyo inayotawala. Thailand ni pana zaidi. Mwafrika na Mfilipino wanaweza kupata kibali, ila huombwa cheti cha mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS, ambacho Mmarekani haombwi, na shule nyingi humlipa kila mmoja kwa kutazama pasipoti yake.

Afrika Kusini iko kwenye orodha ya nchi saba, Kenya haiko. Sensa ya Afrika Kusini ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba Kiingereza ni lugha ya nyumbani kwa chini ya mtu mmoja kati ya kumi nchini humo. Kinachopimwa, basi, si ulimi wa mtu. Mzulu aliyejifunza Kiingereza shuleni anakubaliwa, Mbukusu aliyejifunza Kiingereza shuleni anakataliwa, na wote wawili walifanya mitihani yao kwa Kiingereza tangu utotoni. Lile wazo la pili la Makerere, la mwalimu aliyezaliwa na lugha, limegeuzwa kanuni ya uhamiaji, na mlangoni limegeuka tena likawa orodha ya mataifa.

Na ubora je? Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ni rahisi kulalamika kuhusu ubaguzi bila kuonyesha kilichopotea. Mtoto wa kijiji cha Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, anakua akizungumza lugha ya nyumbani iliyo karibu na Kilao, anasoma Kithai cha Bangkok shuleni, kisha anakutana na Kiingereza kama lugha ya tatu. Hiyo ndiyo ngazi aliyoipanda kila mwalimu wa Chwele: Lubukusu nyumbani, Kiswahili sokoni na shuleni, Kiingereza kitabuni. Mwalimu huyo anajua kwa uzoefu wake mwenyewe ni wapi mtu anakwama. Lubukusu haina sauti za b, d na g zikisimama peke yake. Huzitumia zikitanguliwa na m au n tu. Ndiyo maana Mbukusu anayeanza Kiingereza hutamka p pale panapotakiwa b, na Wakenya wengine humcheka. Mwalimu aliyepita katika kicheko hicho akajifunza mahali pa kuweka midomo, kisha akawafundisha watoto sitini wa kidato cha kwanza, ana ujuzi ambao mzaliwa wa Ohio hawezi kuupata kwa kuzaliwa. Huyo hakuwahi kufikiri sauti hizo zinatokaje.

Tofauti zipo, na mwalimu mzuri atazikuta upesi. Mtoto wa Chwele huongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza kwa kuwa lugha za Kibantu hupenda kufunga silabi kwa irabu. Mtoto wa Thailand hufanya kinyume: hukata mwisho wa neno, na s ya mwisho humgeukia ikawa t. Anayezungumza Kichina cha Mandarini huachwa na n na ng tu kama konsonanti za mwisho. Lakini jambo moja litamfanya Mbukusu ajisikie yuko nyumbani: Lubukusu ni lugha ya toni, kama Kithai, Kivietinamu na Kichina. Anajua tangu kifuani mwa mamaye kwamba kupandisha au kushusha sauti hubadilisha maana, na hatashangaa mwanafunzi wake akiusikiliza mwinuko wa sauti ya Kiingereza kana kwamba una maana ambayo haimo. Akijifunza Kithai kidogo, na inampasa ajifunze, atakwenda mbali kuliko wageni wengi.

Juu ya hayo kuna mafunzo yenyewe. Mwalimu wa Kiingereza aliyehitimu chuo kikuu cha Kibabii, Moi au Maseno amesoma isimu, amesoma fasihi, amefanya mazoezi ya kufundisha muhula mzima akikaguliwa na mhadhiri aliyeketi nyuma ya darasa. Amesahihisha insha kwa mamia. Anajua kumwandaa mtoto kwa karatasi tatu za KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, na anajua kufundisha kitabu kimoja kilichogawanywa kwa watoto watano. Shule ya mji mdogo wa Asia yenye darasa la watoto arobaini na vitabu vichache ingefaa kumtafuta mtu huyu kwa tochi. Badala yake inachukua kijana wa miaka 22 mwenye shahada ya biashara na cheti cha ualimu wa Kiingereza alichokipata kwa kozi ya mwezi mmoja, kwa sababu wazazi wa mji huo, kama wazazi wetu wa mwaka 1965, wanataka kuona sura ya mzungu kwenye picha ya shule. Siwalaumu wazazi hao. Ninawaelewa, maana ni sisi.

Kuna mahali ambapo mwalimu wa Kenya aliitwa, akaenda, akaheshimiwa, na hapana budi tupachunguze. Oktoba 2008 serikali ya Rwanda iliamua kuhamisha shule zake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikaingia Jumuiya ya Madola. Maelfu ya walimu wa Rwanda walijikuta wakitakiwa kufundisha hesabu na sayansi kwa lugha wasiyoijua vyema. Walimu kutoka Uganda na Kenya walikwenda, wengine darasani, wengine kama washauri waliokaa shuleni kuwanoa walimu wenzao. Sudan Kusini nayo, baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, ilichagua Kiingereza badala ya Kiarabu shuleni, na walimu wa Kenya walifika Juba na miji mingine, hadi vita vya Desemba 2013 vikawarudisha wengi nyumbani. Katika nchi hizo mbili masharti yangu matatu yalitimia kwa kiasi kikubwa, kwa sababu serikali ndiyo iliyotaja pengo lake na kuwaweka walimu chini ya wizara yake. Ninachokipenda zaidi ni ile kazi ya Rwanda ya mwalimu kumnoa mwalimu. Mgeni anayefundisha watoto arobaini huondoka na kuacha watoto arobaini waliosikia Kiingereza chake. Mgeni anayefanya kazi na walimu sita wa shule huacha walimu sita.

VSO nayo ilibadilika. Baada ya miongo ya kuleta Waingereza, ilianzisha Nairobi tawi la VSO Jitolee, lililowateua Wakenya na majirani wao kwenda kujitolea katika nchi nyingine za Afrika na Asia. Hiyo ndiyo njia ambayo mwalimu wa Bungoma angeweza kuifuata kwa usalama, na nafasi zake zimekuwa chache sikuzote. Zilitaka watu wenye miaka kadhaa kazini, na mara nyingi kazi yenyewe ilikuwa ya kuwafunza walimu, si ya kusimama mbele ya watoto. Nakubaliana na vigezo hivyo, ingawa najua vinamfungia nje mhitimu wa juzi, ambaye ndiye mwenye shida kubwa zaidi.

Mhitimu huyo ndiye anayewindwa. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ililazimika kuwaonya Wakenya kuhusu kazi za ofisini na mauzo zilizotangazwa Thailand, ambazo mwisho wake ulikuwa kambi za ulaghai wa mtandaoni huko Myanmar na Laos. Watu walinyang'anywa pasipoti, wakapigwa, wakalazimishwa kuwatapeli wengine usiku kucha. Mapema mwaka 2025 Wakenya walikuwa tena miongoni mwa waliotolewa katika kambi za Myawaddy, Myanmar, wakingoja kuvushwa mpaka kuingia Thailand. Mhitimu wa Kiingereza anafaa sana kwa wahalifu hao, kwa sababu kazi yao inahitaji mtu anayeandika Kiingereza kizuri. Kwa hiyo tangazo lolote la kufundisha Thailand lisilotaja jina la shule, mkoa wake na aina ya viza ni la kutupwa siku hiyo hiyo.

Suala la viza lina mtego ambao hata watu waaminifu huangukia. Nchini Thailand kufanya kazi bila malipo bado ni kufanya kazi mbele ya sheria. Anayejitolea darasani anahitaji viza inayolingana na kibali cha kazi, na mwalimu wa shule rasmi huhitaji pia leseni au ruhusa ya muda kutoka Khurusapha, baraza la walimu la nchi hiyo. Mpango unaomwambia mtu aingie kama mtalii kisha mambo yatapangwa akishafika unamfanya mkosaji tangu siku ya kwanza, na mkosaji hana mahali pa kulalamika akinyimwa posho au akigeuziwa kazi. Hapa Kenya wakala wa ajira anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na usajili huo unaweza kuthibitishwa na mtu yeyote. Kazi ya kujitolea hupenya kwa urahisi katika pengo la sheria hizi kwa sababu haiitwi ajira, ilhali mwenye kulipa ada, nauli na chanjo ni familia iliyouza ng'ombe.

Kuhusu ada, msimamo wangu ni mkali. Mwalimu aliyesomea kazi asilipe ili afundishe. Mtalii wa Ulaya anayelipa kampuni ananunua safari, na hiyo ni hiari yake. Mhitimu wa Chwele anapolipa, ananunua ndoto ya ajira, na wauzaji wanajua hivyo. Shule inayomhitaji kweli itampa nyumba, itagharimia kibali, na itaandika katika mkataba ni nani atakayelipa tikiti ya kurudi.

Kisha lipo jambo la wanaobaki. Chwele haina walimu wa Kiingereza kupita mahitaji yake. Ina walimu wasiolipwa kupita aibu ya serikali. Darasa lenye watoto sabini ni pengo la kweli kama lolote la Isan. Mwaka 2014 serikali ilianzisha G-United, mpango uliowapeleka wahitimu wa vyuo vikuu kujitolea katika shule za msingi za mashambani nje ya maeneo yao ya nyumbani, kuwasaidia watoto waliokuwa nyuma katika kusoma, wakiishi na familia za huko. Mtu wa Bungoma angeweza kujikuta Kwale au Kitui. Ninauona huo kuwa mpango mzuri kuliko mingi ya kimataifa: wanaojitolea walifunzwa kazi moja iliyo wazi, walipewa posho, na watoto waliofundishwa walikuwa watoto ambao nchi hii inawajibika kwao. Ungekuzwa, ungeweza kuwa pia mahali pa kupata ule uzoefu ambao mashirika ya kimataifa huudai kabla ya kumpeleka mtu Asia.

Sisemi mwalimu abaki kwa sababu ya uzalendo huku akifa njaa. Vijana wana haki ya kuona dunia, na dunia ina haja ya kumwona Mkenya akifundisha jambo analolijua, badala ya kumwona akifua nguo na kulinda mageti tu. Kenya ilitia saini na Uingereza mwaka 2021 makubaliano kuhusu wauguzi, na mwaka 2024 ikasaini na Ujerumani kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi. Mwalimu wa Kiingereza anastahili mkataba wa aina hiyo na wizara za elimu za Thailand, Vietnam na Kambodia, utakaotambua shahada ya ualimu ya Kenya na nambari ya TSC kuwa ushahidi wa kutosha wa Kiingereza, bila mtihani wa ziada. Mkataba huo useme muda ni miaka miwili, mshahara hautazami pasipoti, sehemu ya kila juma ni ya kufanya kazi na walimu wenyeji, na pasipoti hukaa mfukoni mwa mwenyewe. Na upande wetu TSC iandike kwamba miaka hiyo itahesabiwa katika foleni ya ajira, ili anayerudi Chwele asikute amepitwa na waliobaki.